Kihariri cha ramani cha Battle for Wesnoth: kuchora ni rahisi, kupima ndiyo kazi

Ukitaka kutengeneza ramani zako mwenyewe za mchezo wa mbinu za vita, ule wa zamu kwa zamu ambamo askari hupata uzoefu na kupanda ngazi, Battle for Wesnoth ndiyo ya kuanzia hapa Nairobi. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni. Mchezo ni bure na kihariri chake ni bure, wala si bure ya majaribio inayogeuka deni baada ya mwezi. David White aliutoa mwaka 2003 na msimbo wake uko chini ya leseni huria ya GPL. Unaupata Steam, itch.io au kwenye tovuti ya mchezo wenyewe, na hakuna anayekuuliza kadi ya benki. Sababu ya pili ni mashine. Laptopu ya mitumba ya Moi Avenue au Luthuli, isiyo na kadi ya picha ya ziada, inauendesha vizuri kwa kuwa kila kitu ni picha bapa juu ya vigae vya pembe sita.

Faili la kushusha ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo lishushe mahali penye Wi-Fi badala ya kulichomea bando. Baada ya hapo kihariri hakihitaji intaneti tena mpaka siku ya kuwapa wengine kazi yako. Chukua toleo la 1.18, lililotoka Machi 2024. Matoleo yenye namba shufwa katikati (1.14, 1.16, 1.18) ndiyo yaliyotulia, yenye namba witiri ni ya majaribio na faili zake huweza kubadilika njiani. Wanaotumia Ubuntu waangalie hapa: hazina ya programu ya mfumo mara nyingi hubaki na toleo la nyuma, na seva ya nyongeza, wanakopandisha wachezaji ramani na kampeni zao, hutenganisha kila toleo, hivyo ramani iliyopandishwa kwa 1.18 haitaonekana kwa mwenzako mwenye 1.16.

Kihariri kinafunguka kutoka ukurasa wa kwanza wa mchezo. Ramani mpya huja na vipimo vya 44 kwa 33, ambavyo kwa pambano la watu wawili ni uwanja mkubwa mno. Anza na kitu kama 31 kwa 25, na uchague upana wa namba witiri kwa sababu itakayoelezwa mbele. Kitufe cha kushoto cha kipanya huchora ardhi ya kwanza uliyoichagua, cha kulia huchora ya pili. Weka nyasi kwenye cha kulia, uwe na kifutio muda wote. Ukishika Ctrl na kubofya kigae, kihariri kinachukua ardhi ya kigae hicho, nawe huhitaji kurudi kuitafuta kwenye orodha ndefu. Ukishika Shift unachora tabaka la chini peke yake. Hili la Shift wengi hulipita bila kuliona, nalo ndilo linalookoa muda zaidi: msitu ni tabaka mbili, udongo chini na miti juu, na kwa Shift unageuza udongo kutoka nyasi mbichi kuwa nyasi kavu bila kung'oa mti hata mmoja. Kuna brashi za ukubwa tofauti na za mshazari, kuna chombo cha kujaza eneo lote kwa mara moja, na Ctrl+Z hurudisha nyuma.

Kinachoipa bidhaa hii thamani kubwa kuliko wenzake ni kwamba ramani yenyewe ni faili la maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia utaona mistari ya namna hii:

Gg, Gg, Gs^Fp, Hh, Mm
Gg, Re, Re, Gg^Vh, Hh
Ww, Wwf, Ww, Ss, Gs^Fp

Gg ni nyasi mbichi, Gs nyasi zilizoanza kukauka, Re njia ya udongo, Hh kilima, Mm mlima, Ww maji ya kina kifupi, Wwf kivuko, Ss kinamasi. Alama ya ^ hutenga tabaka la juu na la chini, kwa hiyo Gs^Fp ni misonobari juu ya nyasi na Gg^Vh ni kijiji cha watu juu ya nyasi mbichi. Unaweza kurekebisha kwa mkono au kubadilisha misitu yote kwa amri moja ya kutafuta na kuweka. Angalia mambo mawili. Faili lina ukingo wa kigae kimoja kila upande, kwa hiyo ramani ya 31 kwa 25 ina mistari 27 yenye vigae 33 kila mmoja. Na mstari mmoja ukipungukiwa na kigae, ramani nzima inakataa kufunguka, kwani si mstatili tena.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo ramani nyingi za wachezaji zinapoanguka. Zinapendeza kwa macho, lakini baada ya zamu tano kila mtu anajua nani atashinda. Wesnoth haifichi hesabu zake, na anayezijua anachora tofauti kabisa.

Chukua askari wa miguu wa kibinadamu, Spearman, mwenye pointi 5 za mwendo. Kigae cha nyasi, njia au kijiji kinamla pointi 1. Msitu, kilima na mchanga vinamla 2. Mlima, maji ya kina kifupi, kinamasi na barafu vinamla 3. Kinga yake, yaani uwezekano wa adui kumkosa, ni asilimia 40 kwenye nyasi, 50 msituni na kilimani, 60 mlimani, kijijini na ngomeni, lakini 20 tu majini na kwenye kinamasi. Farasi wa Horseman ana pointi 8 ila msitu unamla 3 kwa kigae. Elfu (elf, kiumbe wa hadithi aishiye msituni) hulipa 1. Mbilikimo ana kinga ya 60 kilimani na 70 mlimani, halafu akishuka kwenye nyasi inabaki 30. Mtu-samaki ana 60 majini na kwenye kinamasi, 30 akiwa kwenye nyasi.

Hesabu hizo ndizo zinazoamua upana wa mto. Mto wa kigae kimoja ni kero: Spearman aliye ukingoni hulipa 3 kuingia, 1 kutoka, na bado ana pointi moja mkononi. Ongeza kigae kimoja tu, mto uwe wa vigae viwili, na mambo yanageuka. Akiingia kigae cha kwanza anabakiwa na 2, hazitoshi kuingia cha pili, na zamu inaisha akiwa amesimama majini ambako adui anampata mara 80 kwa 100. Mto huo si kero tena, ni ukuta. Hata ule wa kigae kimoja hugeuka ukuta adui akisimama ng'ambo, kwa sababu askari wa ngazi ya 1 na kuendelea huwa na ukanda wa udhibiti: ukiingia kigae kinachopakana naye mwendo wako wote unakwisha papo hapo. Kwa hiyo kila mto wenye urefu unahitaji vivuko au madaraja walau mawili, yakiwa mbali kiasi kwamba kikosi kimoja hakiwezi kuyalinda yote. Vigae 7 au 8 katikati ya kimoja na kingine vinatosha. Kivuko, Wwf, kina faida nyingine: kwa mtu wa nchi kavu kinahesabiwa kama ardhi tambarare, na kwa mtu-samaki kinahesabiwa kama maji, hivyo kila mmoja anapata kilicho bora kwake. Daraja nalo hufanya vivyo hivyo, na anayeweka daraja akidhani amewafungia watu-samaki njia amekosea.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani, ramani inayofuata sura ya Nairobi. Kaskazini kuna msitu wa Karura, hekta 1,041. Kusini kuna mbuga ya taifa, kilomita za mraba 117. Kusini-magharibi vilima vya Ngong vinapanda hadi mita 2,460 hivi. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong inateremka kutoka magharibi kwenda mashariki, na katikati palikuwa na ardhi ya majimaji pale reli ilipopiga kambi mwaka 1899. Kwa mchoraji wa ramani hii ni zawadi: msitu, tambarare, vilima, maji na kinamasi vyote katika mji mmoja.

Shida ni kipimo. Mbuga ni kubwa kuliko Karura zaidi ya mara kumi na moja. Ukichora kwa uaminifu wa ramani ya serikali, Karura inakuwa vigae vichache vya pembeni na nusu ya kusini inakuwa nyasi tupu, na kwenye nyasi tupu mwenye farasi anashinda kabla hujanywa chai. Kwa hiyo nyosha Karura mpaka iwe na unene wa vigae 6 hivi. Spearman ataukata kwa zamu tatu, vigae viwili kila zamu. Elfu ataukata kwa mbili. Farasi atakwama kama Spearman licha ya pointi zake 8. Pitisha njia moja ya udongo ndani ya msitu, iliyopinda, yenye upana wa kigae kimoja, na sasa pana sababu ya kugombania kigae fulani badala ya kingine. Kule mbugani, vunja uwazi kwa vishada vya miti ya savana, ^Fts, viwili vitatu pamoja. Kumbuka kwamba miti hiyo, ingawa inaonekana michache na myepesi, mchezo unaihesabu kuwa msitu kamili. Ukiitawanya kila mahali kwa ajili ya uzuri, umeotesha msitu mwingine bila kujua.

Vilima vya Ngong usivichore kama safu moja isiyokatika. Mbilikimo akipanda huko hashuki, na mpinzani hana namna ya kumng'oa. Acha mapengo mawili ya nyasi, na vijiji viweke chini ya vilima, si juu, ili anayetaka dhahabu alazimike kuiacha kinga yake. Ukipanda msitu juu ya kilima, Hh^Fp, unatengeneza kigae kinachochukua mwendo ulio mbaya zaidi na kinga iliyo nzuri zaidi kati ya hivyo viwili. Kimoja au viwili vinapendeza, kumi ni kaburi la mchezo. Kinamasi cha katikati kiunge na mto, vigae vitatu au vinne, ili watu-samaki wawe na mahali pa kusimama mjini bila kuwa wanyonge.

Baada ya ardhi zinakuja saa. Siku ya Wesnoth ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, kisha usiku wa zamu mbili. Jeshi la nuru huongezewa asilimia 25 ya nguvu mchana na kupunguziwa 25 usiku. Jeshi la giza ni kinyume chake. Umbali kati ya ngome mbili, basi, ndio unaoamua vita vya kwanza vitapiganwa saa ngapi. Askari walioajiriwa zamu ya 1 hawasogei mpaka zamu ya 2. Ngome zikiwa na vigae 24 vya njia nyepesi kati yao, mpaka mwisho wa zamu ya 3 kila upande umetembea 10, na wanagusana zamu ya 4, machweo. Usiku unaofuata ni wa jeshi la giza. Punguza umbali uwe 16 na wanakutana zamu ya 3, alasiri, jua likiwa bado linamsaidia mwenye nuru. Hakuna jibu moja sahihi, ila lazima mchoraji awe amechagua. Kwenye mapambano ya kampeni unaweza pia kuanza na saa nyingine. Kwa mchezo wa watu wawili, ruhusu saa ya kuanzia iteuliwe kwa bahati nasibu.

Dhahabu nayo ina hesabu yake fupi. Kwa mpangilio wa kawaida wa wachezaji wengi, kila upande unaanza na 100, unapata 2 kila zamu bila sharti, na kila kijiji kinaongeza 2. Kila askari anakula dhahabu sawa na ngazi yake, na kila kijiji kinalisha ngazi moja bure. Mwenye vijiji 8 na askari 10 wa ngazi ya 1 anapata 2 + 16 − 2, yaani 16 kwa zamu: Spearman mmoja wa dhahabu 14 na chenji. Mwenye vijiji 12 na jeshi hilohilo anapata 26. Pengo la vijiji vinne ni karibu askari mmoja zaidi kila zamu, na halizibiki. Kwa hiyo vijiji vya kugombaniwa katikati viwe viwili au vitatu, vingine viwe nyuma ya mstari wa kila upande. Kijiji pia humponya aliyelala humo pointi 8 za uhai kila zamu, ndiyo maana kijiji kilichozungukwa na msitu upande mmoja na maji upande wa pili kinakuwa ngome isiyo rasmi. Tazama vigae sita vinavyokizunguka kabla ya kukiweka: mshambuliaji awe na walau vitatu vya kusimama ambavyo si maji.

Ngome za kuanzia zina kosa moja linalojirudia. Idadi ya vigae vya ngome vilivyoungana na kitovu, kigae anaposimama jemadari kuajiri, ndiyo idadi ya askari unaoweza kuajiri kwa zamu moja. Dhahabu 100 hununua Spearman saba, kwa 98. Ukimpa jemadari vigae 6 atalazimika kubaki kitovuni zamu ya pili, na hilo ni jambo zuri. Ukimpa vitatu, jeshi lake linatoka kwa matone. Ukimpa kumi, kila kitu kinatoka kwa mkupuo mmoja na zamu ya pili haina uamuzi wowote.

Ramani ya Nairobi kama hiyo haina ulinganifu, na kwa kampeni ni sawa. Kwa mashindano ya watu wawili unahitaji pande zinazolingana, na hapa kihariri kinachosha. Kina uwezo wa kunakili eneo, kulizungusha na kuligeuza, lakini safu wima za vigae hupishana kwa nusu kigae, kwa hiyo nusu iliyonakiliwa inaweza kutua ikiwa imepinda. Upana wa namba witiri ndio unaohifadhi mpangilio: kwenye ramani ya 31, safu ya 1 inalingana na ya 31, ya 2 na ya 30, na witiri hubaki na witiri mwenzake. Ukizungusha nusu duara kwa urefu wa 25, kigae cha safu witiri kilicho mstari wa y kinakwenda mstari wa 26 − y, ila cha safu shufwa kinakwenda 25 − y. Asiyejua tofauti hiyo ya mstari mmoja huishia na kijiji cha kaskazini kilicho karibu na ngome kwa kigae kimoja kuliko cha kusini. Kwa mfano mzuri wa kazi hii fungua ndani ya kihariri ramani zinazokuja na mchezo: The Freelands, Weldyn Channel, Den of Onis. Caves of the Basilisk ifunguliwe kwa sababu nyingine, uone jinsi askari waliogeuzwa mawe wanavyotumika kama vizuizi.

Mpaka hapo kihariri kinastahili sifa. Upande wa pili, wa kutengeneza pambano lenye masharti, mazungumzo na matukio, kinakuacha mkono mtupu. Unaweza kuweka askari, vitu, lebo na maeneo kwa kipanya, lakini matukio yanaandikwa kwa mkono katika lugha ya mchezo, WML, kwenye faili la cfg. Si lugha ngumu. Ni tegi zinazofunguliwa na kufungwa, na ndani yake jozi za jina na thamani kama turns=24 au map_file=karura.map. Weka ramani kwenye faili lake la map na pambano kwenye cfg yake, kisha uziunganishe kwa map_file. Ukichora upya ramani hutagusa matukio.

Makosa yanayorudi ni yaleyale. Tegi isiyofungwa. Alama ya kufungua nukuu bila ya kufunga, ambayo humeza faili lote lililobaki na kutoa ujumbe wa kosa unaotaja mstari ulio mbali na tatizo. Na lile linaloumiza zaidi: kupanua ramani baada ya kuandika matukio. Matukio hutaja vigae kwa x na y. Ukiongeza safu tatu upande wa kushoto, kila kitu kinasogea isipokuwa namba ulizoandika, na adui aliyepaswa kuibuka darajani anaibuka ndani ya mto. Panua kuelekea kulia na chini tu. Au bora zaidi, vipe vigae muhimu majina kwa chombo cha nafasi za kuanzia, kisha uviite kwa location_id badala ya namba.

Jambo moja la kufurahisha kwa wasomaji wa gazeti hili: mazungumzo na majina yote yanakubali Kiswahili bila matata. Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, na uandike unavyotaka; jemadari anaweza kuitwa jina la Kikamba na adui akajibu kwa methali. Kampeni yenye ardhi ya Ngong na lugha ya huku haihitaji ruhusa ya mtu.

Kujaribu kazi yako, usifunge mchezo kila unaporekebisha faili. Rudi ukurasa wa kwanza na ubonyeze F5. Mchezo unasoma faili upya. Ndani ya pambano andika :debug kisha tumia :gold kujiongezea dhahabu, :create kuweka askari popote, :n kuruka hadi pambano linalofuata na :inspect kuona thamani zilizofichika. Amri ya :droid huukabidhi upande wako kwa kompyuta. Iachie kompyuta pande zote mbili kwanza: haitakuambia kama ramani ina usawa, lakini itakuonyesha ni njia gani haipitwi na mtu kamwe.

Kompyuta kama mpinzani ndiyo udhaifu mkubwa wa mchezo, na mchoraji lazima aufidie kwa ardhi. Inapenda kushambulia na haina subira ya kukusanya jeshi, kwa hiyo kwenye njia ndefu askari wake hufika mmoja mmoja na mchezaji huwavuna kwa uzoefu: kuua askari wa ngazi ya 1 kunalipa pointi 8, wa ngazi ya 2 kunalipa 16. Njia ndefu ya msituni kati yako na kompyuta ni mashine ya kupandisha ngazi. Fupisha umbali, mpe adui majemadari wawili kutoka pande mbili, au weka baadhi ya askari wake kama walinzi wasioondoka mahali pao. Kuna thamani za aggression (ukali), ambayo kwa kawaida ni 0.4, na caution (tahadhari), 0.25, kuzigeuza kunasaidia kidogo, ardhi inasaidia zaidi.

Wenye kutaka njia ya kubofya tu wana mahali pengine. Wargroove ya Chucklefish, iliyotoka 2019, inakuwezesha kupanga matukio kwa menyu bila kuandika mstari, na kwa mtu asiyetaka kugusa maandishi inaishinda Wesnoth waziwazi. Lakini ni ya kulipia, na askari wake hawapandi ngazi, jambo linaloondoa nusu ya utamu. SRPG Studio iko karibu zaidi na michezo ya Kijapani ya mbinu na inakupa kuuza mchezo wako kamili. Nayo ni ya kulipia, na ni ya Windows.

Kucheza na wenzako hapa mjini ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Ramani iliyohifadhiwa na kihariri inaonekana kwenye orodha ya ramani zako unapoanzisha mchezo wa wachezaji wengi. Watu wawili wanaweza kupokezana laptopu moja kwa mchezo wa papo, au mashine mbili zikaunganishwa kwa hotspoti ya simu, mmoja akawa mwenyeji kwenye mlango (port) wa 15000, bila kula data ya nje. Zamu zinasubiri, kwa hiyo umeme ukipotea betri ya laptopu inatosha kumaliza.

Ukiwa tayari kuipandisha kwenye seva ya nyongeza, folda yako inahitaji _main.cfg na faili la _server.pbl lenye kichwa, maelezo, mwandishi, namba ya toleo na nywila. Dirisha la taarifa za toleo kwenye ukurasa wa kwanza linakuonyesha folda hiyo iko wapi kwenye mashine yako. Kila unapopandisha marekebisho ongeza namba ya toleo, la sivyo waliokwisha shusha hawatajua kuna jipya. Picha na muziki utakaoongeza lazima viwe na leseni huria inayokubalika. Picha iliyookotwa mtandaoni haifai, na tuni ya redioni haifai zaidi. Kama huna mchoraji, tumia askari na sauti zilizomo ndani ya mchezo, ambazo tayari zina leseni, na uanze na pambano moja lenye ramani moja. Weka kwenye maelezo neno la Kiswahili na jina la mji, ili wa hapa wakitafuta wakuone.